Pingili ya Tisini na Saba

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya mabati ya gereji, fundi alipomwona shemeji yake, mjane wa kaka yake, akiingia uani akiisukuma pikipiki kuukuu ya marehemu. Juu ya tangi alikuwa ameketi binti wa marehemu, mtoto wa miaka sita, mikono imeng'ang'ania usukani, macho wazi, hapepesi.

"Mshushe mtoto, shemeji."

"Hashuki. Jaribu wewe baba yake mdogo."

Alijaribu. Vidole vya mtoto vilikuwa baridi na vigumu kama koleo.

Mjane alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kuogopa. Tangu ajali iliyomuua mumewe, pikipiki haikuwahi kuwaka. Hata hivyo, kila magharibi injini iligonga yenyewe, na mtoto akaifuata. Juzi aliikalia hadi alfajiri. Jana aliitwa jina lake, hakulitambua. Leo hakunywa hata tone la maji.

"Huo ni mnyororo wa ndani tu," fundi alisema, "ule unaoendesha valvu. Umelegea kwa uzee. Jini gani hilo likae kwenye oili, shemeji? Si lingeshateleza likaanguka?"

Shemeji hakucheka. "Basi lifukuze kwa spana."

Chaka... chaka... chaka...

Injini ilikuwa baridi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa mjane.

Fundi aliukimbilia utaratibu wa kazi, kwa kuwa hakuwa na kimbilio jingine. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, akalegeza kikazio cha mnyororo, akakata pingili moja ya mnyororo mkuukuu, kisha akaunga mnyororo mpya kwenye mkia wake. Ndivyo wafanyavyo mafundi wasiotaka kupasua injini nzima: wa zamani ukivutwa nje, humwingiza mrithi wake. Sharti ni moja tu. Usiachie ncha yoyote, maana ikikuponyoka hutumbukia tumboni mwa injini.

Akaizungusha injini kwa spana, polepole, akihesabu. Mnyororo wa aina ile una pingili tisini na sita.

Tisini na nne. Tisini na tano. Tisini na sita.

Hapo ndipo ncha ya mnyororo mpya ilipopaswa kuchomoza.

Tisini na saba.

Mkuukuu bado ulitoka. Mia na kumi... mia na thelathini... Ulitoka wa moto, umelowa, ukinuka lami iliyonyeshewa mvua. Na kwa kila pingili, midomo ya mtoto ilizidi kupauka. Pumzi yake ilikuwa imeshika mwendo wa injini. Chaka... akavuta. Chaka... akatoa.

"Acha," mjane alinong'ona. "Unammaliza."

Fundi akaacha.

Mtoto naye akaacha kupumua.

Akazungusha tena haraka. Kifua kidogo kikainuka, kwa shida. Kisha, kutoka ndani ya chuma, kitu kikauvuta mnyororo. Mara moja, taratibu. Ndivyo kaka yake alivyokuwa akimvuta shati utotoni, alipokuwa anajua kwamba anadanganywa.

Fundi akainama hadi midomo ikagusa injini.

"Kaka... niliuona mnyororo umechakaa. Nilikuwa na haraka ya kufunga gereji. Nikaukaza tu, nikakwambia utakufikisha. Nilijua unaweza kuruka meno ya gia, injini ikakuzimikia barabarani. Nilijua."

Mnyororo ukalegea. Pingili moja zaidi, na ncha mpya ikachomoza, ikimeta. Akaunga, akakaza. Alipoinama kuokota ule mkuukuu kwenye karai, akauhesabu mara mbili. Pingili tisini na sita.

"Mama," mtoto alisema, "kiu."

Akashuka mwenyewe. Mjane akamnywesha maji, akamfuta uso, akamfunga vifungo vya sweta kimoja baada ya kingine. Kisha akasimama mbele ya fundi; alikuwa amesikia kila neno.

"Uliniambia ni mwendo," alisema. "Siku ya mazishi, mbele ya watu. Ulisema alikimbiza pikipiki kama mwehu."

"Shemeji..."

"Nikakuamini. Kila magharibi nilisimama mbele ya chombo hiki, nikamlaani kwa kumwachia mtoto uyatima kwa ajili ya mbio. Kila magharibi. Kumbe alikuwa ananijibu."

Hakulia. Akambeba mtoto, akaiacha pikipiki palepale. Mlangoni akageuka. Pikipiki hakuitazama. Alimkazia macho fundi, midomo ikaanza kucheza bila sauti, taratibu, kwa mazoea ya mtu aliyekwisha kuyakariri maneno yake kila magharibi.

Fundi akabaki na spana mkononi, giza likijaa uani, akiifuatisha midomo ile... mpaka akalisoma neno la kwanza. Lilikuwa jina lake.