Santuri ya Bi Maimuna

"Dada Hafidha, mama mkwe wako alikuwa mwanamke wa aina yake, jamani!"

Hafidha alikuwa anageuza maandazi kwenye karai. Hakuinua uso.

"Mama mkwe wangu yupi?"

"Mama yake Abdulatif, yupi tena," Josephina alicheka, akaegemea mlango wa jiko. "Yule aliyenunua santuri wakati hana hata mashine ya kuipigia. Mimi nilivyosikia nililia."

Kijiko kikasimama ndani ya mafuta.

Sebuleni, wapenzi wa Rukia Mgaza walikuwa wanamalizia upande wa kwanza wa Taa ya Dirishani, albamu ya mwaka 1976, enzi za suruali za pekosi na viatu vya raizoni. Gita la umeme lilikuwa linalia, kinanda kinalijibu, na ile sauti nzito ya Rukia inapita katikati bila haraka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi walikutana hapa Kihonda, nyumbani kwa Abdulatif, msimamizi wa ghala la mahindi. Walisikiliza wimbo mmoja mmoja na kubishana kama wabunge.

Kwa miaka miwili Hafidha aliwapikia. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, wanafunzi tisini na moja, na Jumapili ndiyo siku yake ya kufua na kusahihisha madaftari. Hakuna aliyewahi kumwambia akae. Naye alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hakuona kama hajaambiwa.

"Alikusimulia lini?" aliuliza taratibu.

"Abdulatif? Ah, tunaongea. Mchana akiwa kazini hunipigia, au huniandikia." Josephina alikuwa mhadhiri kule Mzumbe, mwanamke mzuri wa miaka thelathini na nane, na kwenye kundi alikuwa mgeni wa mwaka mmoja tu. Sasa alianza kuona kuna kitu. "Dada, nimesema vibaya?"

"Mchana wa kila siku?"

Josephina akaacha kuegemea mlango.

"Nionyeshe anavyokuandikia. Sitapiga kelele, mdogo wangu. Sina hata hizo nguvu."

Josephina alisita, kisha akatoa simu. Hafidha akafuta unga mikononi, akasoma:

"Jose, leo nimemkumbuka sana mama. Nikisikia wimbo wa tano namwona anavuka reli, santuri kaikumbatia kifuani. Mke wangu mambo haya hayajui. Kwake muziki ni kelele. Tumebaki tu kwa ajili ya mtoto."

Alisoma mara mbili. Akazima jiko.

"Mama yake Abdulatif alifariki akimzaa," alisema. "Mimi ndivyo alivyoniambia wakati ananioa, miaka kumi na tisa iliyopita. Huyo anayevuka reli ni mama yangu."

"Mungu wangu!"

"Nisaidie sinia, tafadhali."

Waliingia sebuleni wakati Mzee Kondo, mwenyekiti wa kundi, anageuza santuri kwa vidole viwili kama anashika yai.

"Kabla ya upande wa pili," mzee alisema, "Abdulatif, warudie hawa wageni wawili historia ya santuri hii. Ile ya mama."

Abdulatif akakohoa, akatabasamu. Mara akamwona mkewe anaweka sinia mezani. Kisha akamwona anavuta kiti na kuketi. Tabasamu likamkauka.

"Shikamoo Mzee Kondo," Hafidha alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Leo naomba niisimulie mimi."

"Mama Majidi," Abdulatif akadakia, "wageni wana njaa, tungekula kwa..."

"Watakula." Hakupandisha sauti. Ilikuwa ile sauti ya mwalimu wa kipindi cha mwisho. "Mwanamke huyo aliitwa Maimuna binti Pazi, mtu wa Matombo, huko milimani. Alishuka mjini na miaka kumi na tisa, akapata kazi kiwanda cha nguo. Mshahara wa kwanza akanunua santuri hii. Mashine hana. Basi kila Jumamosi anavuka reli, anakwenda kwa fundi redio mmoja kuomba apigiwe. Fundi anampigia wimbo mmoja tu, anamwambia mashine imechemka, njoo Jumamosi ijayo. Nyimbo ziko kumi. Walipofika wa kumi, fundi akapeleka posa. Yule fundi ndiye baba yangu."

Hakuna aliyegusa andazi.

"Mama amefariki miaka sita sasa, kwenye chumba hicho hapo. Mwishoni hakuweza kuongea. Nilikuwa nampigia upande wa pili, ananishika kidole, anakibonyeza kufuata ngoma." Akamgeukia mumewe. "Na hilo la kidole pia umewaambia?"

Abdulatif alitazama miguu yake. Josephina ndiye aliyejibu, machozi yakimtoka.

"Alisema ni kidole chake."

Mzee Kondo alirudisha santuri kwenye jalada lake, akasimama, akachukua kofia. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti za msibani. Sebuleni wakabaki wawili na maandazi yanayopoa.

"Hafidha, kati yangu na Josephina hakuna lolote. Sijamgusa."

"Najua."

"Sasa?"

"Ungemgusa ningekuwa na la kusema. Wanawake wote wanajua la kusema hapo. Hili sijui hata linaitwaje, Latifu. Umemchukua mama yangu ukamfanya wako, halafu mimi ukanifanya mtu anayechukia muziki."

"Nilikosa cha kusema. Kila mtu pale ana mama, ana shangazi, ana dansi la utotoni. Mimi nina nini?"

"Ungeniomba ningekugawia," alisema. "Ungesema tu, mama mkwe wangu. Alikupenda. Alikuwa anakuita mwanangu."



Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya wiki mbili. Mtoto wao Majidi yuko bweni, kidato cha tano, na amebaki huko kwa masomo ya ziada. Kesho yake asubuhi Hafidha alipanga nguo tatu na ile santuri, akapanda gari la Matombo kwenda kwa kaka yake, Pazi, aliyerithi jina la babu. Njiani simu ikatetemeka. Ilikuwa ni Josephina:

"Dada, nisamehe. Sikujua. Lakini sitakudanganya, nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Namba yake nimeifuta."

Hafidha alikaa na ujumbe huo mpaka gari lilipoanza kupanda mlima. Kisha akajibu: "Nimekusikia, mdogo wangu. Na wewe pumzika."

Kwa Pazi alilala siku mbili kama mgonjwa. Siku ya tatu alianza kuchambua karafuu na wifi yake. Hakuulizwa kitu. Simu ya Abdulatif iliita kila jioni, akaitazama mpaka ikanyamaza.

Siku ya kumi na moja, saa tisa alasiri, mvua nyembamba inanyesha, Abdulatif akatokea kwenye migomba, suruali imejaa tope mpaka magotini. Gari lilikuwa limekwama, akatembea.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," Pazi alisema bila kusimama. "Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kuongea naye."

"Yuko barazani. Akisema hapana, ni hapana."

Hafidha alimtazama anavyokuja. Amekonda. Akasogeza ungo wa karafuu, lakini hakumkaribisha.

"Nimejitoa kwenye kundi," Abdulatif alisema.

"Kujitoa ni kukimbia. Uliwadanganya, uwaambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Wowote ulio wako."

Akakaa kwenye ngazi, mvua inamdondokea mgongoni. Mwisho akatoa simu, akatafuta jina la Mzee Kondo, akabonyeza kurekodi.

"Mzee Kondo, shikamoo. Ni Abdulatif. Naomba hii uwapelekee wote. Santuri ni ya mama mkwe wangu, Bi Maimuna. Yote niliyosema ni ya kwake na ya mke wangu. Mimi mama yangu..." Akapangusa tope kwenye kioo cha simu. "Mama yangu hakufa. Aliniacha kwa dada yake, kule Kilosa, nikiwa na miaka minne, akaenda kuolewa kwingine. Nilimwona mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nauza nyanya sokoni. Jirani mmoja akaniambia, yule pale ndiye mama yako. Akaja kwangu. Akachagua nyanya moja moja, akaniambia, mbona zako laini hivi? Akanunua, akaondoka. Hakunijua. Nyumbani kwetu hakukuwa na wimbo wowote. Ni hayo tu, mzee."

Akatuma.

Hafidha alikuwa ameacha kuchambua.

"Miaka kumi na tisa, Latifu."

"Niliona aibu. Mtu ambaye mama yake hakumtaka, nani atamtaka?"

"Mimi nilikutaka. Na mama yangu." Akausukuma ungo pembeni. "Ungemwambia hilo la nyanya, angekwenda mpaka Kilosa kumtafuta amtukane huyo mwanamke."

Abdulatif alicheka, na kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa mikono yenye tope. Hafidha hakumkimbilia. Alimwacha alie mpaka mwisho. Kisha akatoa khanga begani, akamtupia.

"Jifute. Ingia ndani, wifi atakupa chakula."

"Umenisamehe?"

"Bado. Nimechoka, na kusamehe nako ni kazi." Akavuta ungo karibu. "Ila kesho narudi nyumbani. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na ile nyumba ni yangu pia. Wakija wale watu wako, maandazi utakaanga wewe. Mimi nitakaa."

"Nitakaanga."

"Na yule mama yako, kama yu hai, tutaongea habari zake. Taratibu. Si leo."

Abdulatif alitikisa kichwa kukubali.

"Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," Hafidha alisema, akirudi kwenye karafuu zake. "Tangulia ukanishikie kiti cha mbele. Nyuma panarusha sana."