Mwanamke wa Kwenye Kamera

Picha za harusi aliyoipiga kijijini Chole ndizo zilizomshtua Mwamini. Nyuma ya Seifu, mumewe, alisimama mwanamke mwenye hina mbichi mikononi, na siku ile Mwamini hakumwona mtu wa namna hiyo.

"Kamera yako mbovu," Seifu alisema, macho pembeni.

Haikuwa mbovu. Mwamini, mpiga picha wa Kisarawe mjini, ndiyo kwanza alikuwa ameinunua: kihisi-mwanga chake cha kisasa kilinasa hata mwanga ambao jicho haliuoni.

Ijumaa, baada ya swala, Seifu alijilaza. Mwamini akashusha mapazia, chumba kikawa giza, akamwelekezea kamera. Harufu ya udi uliolowa ilimfika puani kabla hajabonyeza, kisha akasikia bangili zikigongana taratibu kitandani, na yeye bangili hana, na kwenye kioo cha kamera akamwona yule mwanamke amelala ubavuni mwa Seifu, kichwa kifuani pake, akimkodolea Mwamini macho kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyeingia bila hodi.

Alikimbilia Maneromango kwa mjomba wake, Mwalimu Mwinyimadi, mtu wa kuwasomea wenye majini.

"Shikamoo mjomba. Nyumbani kwangu kuna mtu."

"Marahaba. Twende."

Walipofika nyumbani, Seifu alilazwa mkekani, akasomewa mpaka sauti ya kike ikamtoka kinywani.

"Niende wapi? Nimeolewa. Alinifuata mwenyewe msituni, akitaka biashara yake ya korosho inyanyuke."

"Alikupa mahari gani?" Mwalimu aliuliza.

"Mimba tatu za huyu."

Mimba zote za Mwamini zilikuwa zimeharibika. Mara zote tatu Seifu ndiye aliyemshika mkono, akamfuta machozi, akamwambia ni mipango ya Mungu.

"Seifu," alinong'ona, "anasema uongo, eti?"

Seifu alifumbua macho. Akayafumba tena.

Mwalimu alinyanyua kombe la dawa amalizie kazi. Mwamini akamshika mkono.

"Usimtoe, mjomba. Ni mkewe."

Alichukua kamera na nguo zake chache.

"Mwamini!" Sasa ilikuwa sauti ya Seifu mwenyewe. "Usiniache naye peke yangu!"

Hakugeuka. Alimtanguliza mjomba wake nje, akaurudishia mlango. Seifu alikuwa bado analia kule mkekani, miguu haiinuki, pale komeo liliposukumwa kwa ndani, polepole, na bangili zikalia.