Binamu Yangu Alitumia Kichwa Changu, Kisha Akaniita Mwizi

Nina miaka ishirini na tatu. Nimezaliwa na kulelewa Mau Narok, binti wa dereva wa trekta, na niko mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Nakuru nikisomea takwimu. Naandika haya nikiwa na hasira. Wapo walionishauri nitulie kwanza ndipo niandike... Nimetulia miezi minne sasa, na hasira yenyewe haijaenda popote.

Wanafunzi wenzangu wanajua uzito wa neno attachment. Usipofanya kazi ya mazoezi miezi mitatu katika ofisi inayotambulika, huhitimu, hata uwe na alama za kutisha. Na nafasi zenyewe ziko wapi? Unazunguka mji mzima na barua yako mkononi, kila mlango unaambiwa iache hapo kwa meza, tutakupigia. Nani kati yenu amewahi kupigiwa? Wanaopata ni wale ambao mama zao wanajuana na mtu. Mimi mamangu anajuana na wavunaji wa viazi.

Ndiyo maana tangazo lilipowekwa kwenye grupu ya darasa letu nililisoma mara tatu. Shirika moja lilikuwa likitoa mafunzo ya kuchambua data kupitia mtandao, bila malipo, kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Yalikuwa mafunzo ya wiki nane. Kila wiki ungepewa kazi moja, uifanye wewe mwenyewe na kuituma kabla ya Jumapili jioni. Kumi watakaoongoza wangepewa attachment katika kiwanda cha maziwa hapahapa Nakuru. Nafasi hizo hazikuhitaji kujuana na mtu. Zilihitaji kichwa tu, na kichwa ninacho.

Laptop ndiyo sikuwa nayo.

Wakati huo nilikuwa naishi Langalanga kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Shangazi ana duka la sare za shule mjini na ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, kwa hivyo watu wengi wanamjua na yeye anawajua. Ana binti mmoja, Sheila, rika langu, anayesomea biashara katika chuo cha kibinafsi. Sheila alikuwa na laptop, nzuri, ya kijivu, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kutazamia filamu.

Mimi ndiye niliyemwonyesha Sheila lile tangazo. Mimi mwenyewe! Niliona aibu kumwomba laptop yake nifanyie mambo yangu huku yeye amekaa. Nikasema afadhali tujiandikishe wote wawili, ili laptop iwe yetu sote kwa wiki hizo nane. Siku ya kujiandikisha kulikuwa na ahadi ya kuweka alama ya kukubali: kwamba kazi utakayotuma ni yako, hujaichukua kwa mtu wala hujamfanyia mtu. Niliiweka alama bila hata kuvuta pumzi. Sheila naye akaweka.

Wiki ya kwanza mimi nilipata alama za juu sana. Sheila karibu apate sufuri. Alilia sebuleni mpaka shangazi akaniita jikoni.

"Metrine, mwenzako amekwama," shangazi aliniambia. "Si wewe ndio unajua hizi vitu? Msaidie bana. Na si hata hiyo laptop ni yake?"

Nikamjibu kwamba nitamwelekeza. Akafunika sufuria, akaniangalia.

"Sijasema umwelekeze. Hapa ni kwenu, lakini pia wewe jua kukaa na watu."

Ambaye hajawahi kukaa kwa watu hawezi kuelewa maneno hayo. Ukikaa kwa watu unaosha vyombo kabla hujaambiwa. Unachukua kipande cha shingo na kusema ndicho unachokipenda. Unacheka hata kisichochekesha. Sikujua kusema hapana katika nyumba ile, na shangazi alilijua hilo kuliko mimi.

Basi nikaanza. Jumamosi nilifanya kazi ya Sheila, yeye akiwa amelala kwenye kochi anajirekodi video za nywele. Nikimaliza aliituma. Jumapili tukitoka kanisani, nikishapika na kuosha vyombo, ndipo niliporuhusiwa kufanya yangu. Hata siku moja sikuwahi kutangulia kutuma. Mwenye kitu ndiye hutangulia, si ndivyo tulivyofunzwa?

Nilijitahidi kazi zisifanane. Ya Sheila niliweka takwimu za maziwa ya wafugaji wa Olenguruone, yangu nikaweka viazi vya Mau Narok, wiki nyingine nikazigeuza. Lakini kichwa ni kimoja! Mpishi mmoja akipika chapati katika nyumba mbili, mwonjaji atajua tu. Hatua zilikuwa zilezile, mpangilio uleule, hata namna ya kuzipa safu majina ilikuwa ileile.

Kufikia wiki ya saba tulikuwa wote katika orodha ya kumi bora. Shangazi aliitangaza ibadani. Alisema binti yake ni wa sita nchini... Mimi nilikuwa wa nne, lakini mimi sikutajwa. Nilipiga makofi na wengine.

Jumatano ya wiki ya nane nikapata barua pepe. Nilikuwa maktaba chuoni, nikaisoma kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Walisema kazi zangu zote tangu wiki ya pili zinafanana na za mshiriki mwingine, aliyetuma kabla yangu kila wiki. Walisema wamemhoji mshiriki huyo. Walisema nimeondolewa.

Nilirudi nyumbani na kumkuta Sheila anapaka kucha rangi. Aliposikia alinikumbatia, wasomaji wangu, akanikumbatia kwa nguvu! Akaniambia ni kweli walimpigia Jumatatu na kwamba alinitetea sana lakini hawakutaka kusikia.

"Cuzo, niliwaambia wewe huwezi copy," alisema. "Hao watu ni wagumu. Achana nao, utapata ingine."

Nilimwamini. Kwa siku mbili nzima nilimwamini na hata nikampikia.

Ijumaa nilienda mwenyewe kwenye ofisi ya shirika, ghorofa ya tatu katikati ya mji. Nilikuta mama mmoja mtulivu anayesimamia mafunzo, wakimwita Madam Ruth. Nilimwambia kuna makosa, amuulize binamu yangu. Akafungua faili na kunisomea maelezo ambayo Sheila mwenyewe aliandika. Kwamba ananihurumia kwa kuwa natoka familia isiyojiweza. Kwamba aliniazima laptop kwa wema, na akitoka nje nilikuwa nafungua kazi zake na kunakili. Kwamba alijua siku nyingi ila hakutaka kuniaibisha...

Asante ya punda ni mateke, nilikuwa nimeisikia tangu utotoni. Siku hiyo nilipigwa teke lenyewe, kifuani.

Nililia, ndiyo, lakini kilichokuwa kinalia ni hasira. Nikamwambia Madam Ruth ukweli wote hapohapo. Kwamba kazi zangu ni zangu, na za Sheila pia ni zangu. Nikamwomba atuite wote wawili na kutuuliza maswali. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaniuliza kama nina hakika nataka hivyo. Nikasema nina hakika, akatupangia Jumanne.

Kabla ya siku hiyo kufika shangazi alikuwa amempigia baba. Alimwambia nimekamatwa nikiiba kazi za binti yake, baada ya yeye kunilisha na kunilaza bure. Baba hakunipigia. Mama alisema amekaa tu nje ya nyumba, hataki hata chai.

Jumanne tulikutana pale ofisini. Sheila alikuja na shangazi, amevaa suti mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya kiwanda. Hakunitazama. Madam Ruth aliiweka mbele yake kazi ya wiki ya sita, ile iliyompa alama za juu kuliko zote. Ilikuwa ya viazi.

"Hapa umegawa magunia makundi mawili kabla ya kutafuta wastani," alimuuliza. "Kwa nini?"

"Aah... si ni juu ya size?" Sheila alijibu.

"Size gani?"

Sheila akamtazama mama yake. Shangazi akasema binti yake ana wasiwasi, apewe maji. Maji yakaletwa, akanywa, akaomba mengine.

Madam Ruth akanigeukia. Nikaeleza bila kushika karatasi. Kwamba mkulima wa Mau Narok hupima gunia la kawaida, lakini dalali akifika hulishonea wavu juu mpaka liwe na nundu, na bado hulihesabu gunia moja. Ukiyachanganya magunia hayo, mavuno yataonekana madogo na mkulima ataonekana mvivu. Nilijua kwa sababu nimeyabeba. Nikaeleza ya wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Sheila alianza kulia na kusema ni kweli, mimi ndiye niliyefanya zote.

Nilijua nimeshinda. Nilikaa wima kwenye kile kiti nikingoja kusikia jina langu limerudishwa na nafasi yangu kiwandani iko palepale.

Madam Ruth alifunga faili taratibu.

"Metrine, wewe ni mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowaona msimu huu," alisema. "Na umenithibitishia mwenyewe kwamba wiki sita ulimfanyia mtu mwingine kazi. Ile ahadi uliiweka alama?"

Nikasema niliiweka.

"Inasema hujaichukua kwa mtu, na nini tena?"

Nikamalizia mwenyewe: wala hujamfanyia mtu. Aliniambia kwamba kama ningekuwa nimenakiliwa bila kujua, angenirudisha siku hiyohiyo. Lakini kiwanda kingeajiri mtu asiyejua kazi, kwa mikono yangu. Tukaondolewa wote wawili. Nafasi zetu zikaenda kwa waliokuwa wa kumi na moja na wa kumi na mbili, watu waliofanya kazi zao wenyewe na kushindwa na mimi mara mbili kila wiki.

Nilimchukia yule mama kwa muda. Sasa simchukii, na hilo linaniudhi zaidi, maana nimebaki na watu wachache wa kuwachukia na mmoja wao ni mimi.

Jioni hiyo nilihamisha vitu vyangu hadi chumba cha mwanafunzi mwenzangu, tunalala wawili kitanda kimoja mpaka leo. Nilimpigia baba nikamwambia yote, bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia amlaani dada yake. Akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini.

"Ukiwa unafanya ya mwenzako, ulifikiri yako itafanywa na nani?"

Wenzangu wa darasa wamekwenda attachment. Mimi nimeambiwa ningoje mwaka mwingine, na baba atakaa mwaka mwingine juu ya trekta kwa sababu hiyo. Na Sheila? Wasomaji, kaeni chini! Shangazi alizungumza na mtu wa kanisani na Sheila sasa yuko attachment katika ofisi moja safi mjini, na kitambulisho shingoni. Hakuna aliyemuuliza habari za magunia.

Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe. Hakuomba msamaha. Alituma faili la mauzo ya ofisi yao na maneno haya: "Cuzo niaje. Nisaidie tu na hii moja, bosi anaitaka kesho, please."

Mngefanya nini? Nilimtukana kwa sauti, peke yangu, nikiwa maktaba, mpaka watu wakageuka. Kisha nikafungua lile faili, eti nione tu upumbavu wake. Kosa nililiona mara moja, liko safu ya tatu. Nikarekebisha. Nikaona lingine, nikarekebisha na hilo... Nilikuwa nimeshamaliza ukurasa mzima wa kwanza ndipo nikashtuka nikaangalia vidole vyangu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Shangazi hakuwepo. Laptop ilikuwa ya mwenzangu wa chumba. Hakuna chakula cha mtu nilichokuwa nadaiwa wala vyombo vya kuosha. Hakuna aliyenilazimisha, na bado nilikuwa namfanyia kazi mtu aliyeniita mwizi, tena kwa bidii.

Nilifuta kila kitu. Nikamjibu kwamba sitafanya, sasa wala baadaye. Akaniandikia kwamba hakujua nina moyo mbaya hivyo. Afadhali niwe nao.

Dada na kaka zangu mlio vyuoni, nafasi za mtandaoni zipo, za kweli, na nyingi hazitaki umjue mtu. Ombeni. Lakini ukifika pale penye ahadi ya kuweka alama, isome kama mkataba wa shamba. Usikubali kumfanyia mtu kazi kwa sababu umelala kwake, au anakupenda, au analia. Mwelekeze, kaa naye mchana kutwa ukitaka, kisha aandike kwa mkono wake na apate sufuri yake. Ukiambiwa hujui kukaa na watu, kubali kwamba hujui. Mimi nilijua sana kukaa na watu, na leo sina nafasi, sina chumba, na vidole vyangu mwenyewe bado siviamini.