Bawa la Kulia la Harikeni

Kengele ya saa kumi ilipolia, wanafunzi wa gredi ya saba walimwagika uwanjani kama maharagwe kutoka gunia lililotoboka. Watatu hawakwenda huko. Emong, Winny na Fazila walikimbilia stoo ya chama cha ufundi, nyuma ya madarasa, mahali ambapo mchana kutwa ungesikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpaka wa Malaba. Humo stoo, juu ya meza ya mbao, ilikaa ndege.

Usifikiri ni ile ya karatasi ya kurusha darasani mwalimu akigeuka. Hii ilikuwa mfano wa ndege ya kivita aina ya Harikeni, iliyoruka wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kila sentimita moja ya mfano ilikuwa sentimita ishirini na nne za ndege halisi, kwa hiyo mabawa yake yalifika nusu mita kutoka ncha hadi ncha. Waliichonga kwa povu jeupe gumu, lile linalozunguka televisheni ndani ya boksi. Mzee Sulaiti, babake Fazila, aliuza televisheni karibu na stendi, na povu hilo alikuwa akilitupa tu.

Wazo lilikuwa la Emong. Nyumbani kwao kulikuwa na picha ya kale ya baba wa babu yake, Okwakol, aliyekwenda vita vya Bama, kule Asia, pamoja na askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Amesimama kando ya Harikeni moja nyeusi tii, mkono mmoja juu ya bawa, anacheka. Emong aliipima picha ile kwa rula, akapiga hesabu, kisha akachonga kwa kisu kidogo kwa wiki tatu mpaka vidole vikaota sugu. Mamake alikubali picha itundikwe ukutani pale stoo hadi siku ya maonyesho ya shule, Ijumaa, kule Amagoro.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na kazi ya Fazila ilikuwa rangi.

"Sasa napaka lini?" Fazila akauliza. "Imebaki siku tatu!"

"Bawa la kulia bado," Emong akajibu bila kuinua macho. "Lazima livishwe karatasi na gundi kama hili la kushoto. Karatasi ikauke vizuri. Halafu ndiyo upake rangi ya maji."

"Karatasi, gundi, ngoja. Karatasi, gundi, ngoja! Tutafika Amagoro na ndege nyeupe kama yai. Kaka Fahad ana rangi nyeusi ya kupuliza, ile anapulizia pikipiki za watu. Dakika kumi tu, inang'aa."

"Hiyo rangi hatujaijaribu kwa povu. Hatujui itafanya nini."

"Wewe unaogopa mpaka kivuli chako!"

Emong alikuwa kijana mpole, lakini mpole naye ana mwisho wake. Alisimama, akapiga meza. "Afadhali iungue moto kuliko wewe uiharibu!"

Winny alisikia maneno hayo. Mwalimu Ignatius, mlezi wa chama, aliyekuwa akiingia mlangoni, naye aliyasikia.

Jumatano alfajiri, Fahad akiwa bado amelala, Fazila alifungua sanduku la kazi la kaka yake akachukua kopo la rangi. Hakuomba. Alijua akiomba ataulizwa ni la nini, na maswali hakuyataka. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa kwenye foleni ya githeri, aliingia stoo peke yake, akafunga mlango na dirisha.

Alitikisa kopo, akapuliza bawa la kulia. Chhhh! Weusi ukatanda laini, unang'aa. Fazila akatabasamu. Kichwani alishawaona wenzake wakiingia na kushika vinywa kwa mshangao, na Emong akikubali kwamba alikosea.

Lo! Tabasamu halikukaa hata dakika. Bawa lilianza kutoa sauti ndogo ya kuchemka, kama mafuta yanayopata moto. Vitundu vikatokea, vikapanuka, vikaungana. Povu likanywea, likajikunja, likazama ndani yake lenyewe. Fazila akalifuta kwa leso, kumbe anazidisha, kwa maana povu lilitoka na leso vipande vipande. Kabla hajajua la kufanya, bawa lote lilikuwa kigutu cheusi kilichosinyaa. Harufu kali ya rangi ilimwingia puani, kichwa kikaanza kuzunguka. Alitupa kopo ndani ya begi lake, akafungua mlango, akatoka mbio. Kidole chake cha shahada kilibaki cheusi.

Saa kumi, Winny ndiye aliyefungua mlango. Alipiga ukemi uliomleta Mwalimu Ignatius mbio.

"Imechomwa!" Winny alilia. "Mwalimu, wameichoma ndege yetu!"

Na kweli, ungeiona ungesema hivyo hivyo. Kigutu kilikuwa cheusi kama plastiki iliyotoka jikoni. Mwalimu aliitazama ndege, kisha polepole akamtazama Emong.

"Emong, jana ulisema nini hapa?"

"Nilisema tu kwa hasira, Mwalimu."

"Toa kila kitu kilicho mfukoni."

Emong akatoa kalamu, kisha kipande cha msasa, kisha kiberiti kipya. Mamake Emong, Mama Adeke, alichoma mahindi kando ya foleni ya malori, na kila siku mchana Emong alimnunulia kiberiti cha kuwashia makaa ya jioni. Fazila alilijua hilo vizuri, maana mara nyingi walipitia dukani pamoja.

"Ni cha mama," Emong akasema. "Leo sijagusa ndege, Mwalimu. Hata mkia sijaugusa."

"Kesho asubuhi uje na mama yako. Kwa sasa wewe si mwanachama wa chama hiki, na Amagoro huendi."

Fazila alisimama pale pale, kidole chake amekificha ndani ya ngumi. Sema, moyo ulimwambia. Sema sasa hivi. Ulimi ukakataa. Akamwona Emong akiokota kiberiti chake na kutoka, mabega yameshuka, na watoto waliokuwa uwanjani wakimnong'ona. Kufika jioni shule nzima ilikuwa na jina jipya la Emong. Walimwita Mchoma Ndege.

Nyumbani, Fazila hakuweza kumeza hata tonge. Fahad alipindua sanduku lake lote. "Nani amechukua kopo langu jeusi? Nina pikipiki ya mtu naimaliza kesho, wacheni mchezo!" Fazila aliinama juu ya sahani. Hiyo ilikuwa mara ya pili kunyamaza, na wala asikudanganye mtu kwamba aliyenyamaza hajasema uongo. Alisugua kidole kwa sabuni na mchanga mpaka kikawasha. Rangi ilikuwa pale pale.

Alhamisi asubuhi, Mama Adeke alikuja. Hakuwa amevua aproni, na mikono yake ilikuwa na masizi. Mwalimu aliwaita wanachama wote stoo, wasikie.

"Mwalimu, kama ni huyu wangu amefanya, mimi nitakuja hapa kila siku nisaidie mpaka ndege itengenezwe," Mama Adeke alisema. "Lakini nataka kwanza anitazame. Emong! Nitazame mimi mama yako. Ulichoma?"

"Sikuchoma, mama."

"Hiki kiberiti?"

"Ni kile ulinituma."

Mama Adeke alimwangalia kwa muda mrefu. Ilionekana wazi kwamba alitaka kumwamini, na kwamba aliogopa kumwamini. Mwishowe akageuka ukutani, akaanza kubandua ile picha ya kale. "Basi wacha nimrudishe mzee nyumbani," alisema. "Yeye alitoka Bama na jina zuri. Hawezi kukaa mahali jina lake linachafuliwa."

Hapo Fazila akashindwa. Machozi yalitangulia maneno.

"Mama, usiitoe! Mwalimu, hakukuwa na moto!"

Wote wakageuka. Fazila aliokota sakafuni kipande cha povu jeupe kilichobaki walipochonga, akatoa kopo ndani ya begi, akawaongoza hadi nje penye hewa. Alikiweka kipande juu ya jiwe, akapuliza. Weusi ukatanda. Kisha ile sauti ya kuchemka, kisha vitundu, kisha povu likanywea mbele ya macho yao bila cheche hata moja. Mwalimu Ignatius alileta ndege akaviweka pamoja. Vilifanana kama mapacha.

"Ni mimi," Fazila akasema, akinyoosha kidole chake cheusi. "Nilitaka iwe tayari haraka. Ilipoharibika niliogopa. Emong hajafanya kitu. Nilijua tangu jana na nikanyamaza."

Mwalimu alivua kofia yake, akaishika mkononi. "Emong, mwanangu, na mimi nimekosa. Nilikuhukumu kwa kiberiti na neno la hasira, sikuuliza zaidi. Nisamehe. Mama Adeke, nisamehe pia." Kisha akamgeukia Fazila. "Na wewe ulimwacha mwenzako abebe mzigo wako usiku mzima."

"Mwanangu jana hakula," Mama Adeke alisema. Fazila alitamani angetukanwa.

"Pole, Emong," alisema kwa kilio. "Tafadhali nisamehe."

Emong hakusamehe upesi, na nani angemlaumu? "Waliniita Mchoma Ndege mbele ya shule nzima," alisema. "Nawe uwaambie mbele ya shule nzima."

Wakati wa mapumziko Fazila alisimama mbele ya gwaride, akasema yote. Kuna waliocheka, kuna walioguna. Alipomaliza alitazama nyuma ya mistari, akamwona Emong ameinua kichwa.

Sasa ilibaki ndege, na maonyesho yalikuwa kesho. Kwa ruhusa ya Mwalimu, Emong alichonga bawa jipya bila kupumzika mpaka saa tisa. Wakalivisha karatasi na gundi. Lakini karatasi ilihitaji siku nzima kukauka, na siku yenyewe hawakuwa nayo.

"Leteni kwangu," akasema Mama Adeke, aliyekuwa amerudi shuleni kuwaona. "Makaa yangu yakiwa mapya huwa makali. Yakianza kufifia yana joto la kumkaushia mtoto nguo."

Ndivyo ikawa kwamba jioni ile, kando ya malori, dereva mmoja baada ya mwingine alisimama kushangaa. Fazila alikaa kwenye kigoda, ameshika bawa la ndege kwa waya, juu sana na mbali na makaa yanayofifia, analigeuza polepole.

"Dada, hilo hindi gani?" dereva mmoja akauliza.

"Hilo haliuzwi, boss," Mama Adeke akajibu. "Hili hapa ndilo lako."

Fazila alipolishusha kidogo ili likauke upesi, Emong alisema, "Ngoja." Fazila akalipandisha. Mkono ulimuuma. Baada ya muda alitaka kulitoa. "Ngoja," Emong akasema tena. Fazila akangoja, bila kujibu, mpaka Emong mwenyewe alipolishika na kusema limekauka.

Njiani kurudi nyumbani Fazila alipita karakana ya Fahad akamrudishia kopo, akamweleza. Fahad alifoka kwelikweli. "Ungeniuliza ningekwambia! Hii rangi inakula povu kama mchwa na mbao. Tena umepuliza ndani umefunga dirisha? Ungeanguka huko! Jumamosi utaosha pikipiki zote hapa." Fazila aliitikia, "Sawa, kaka."

Ijumaa, Amagoro, ndege nyeusi ilisimama mezani imepakwa rangi ya maji, picha ya Okwakol pembeni yake. Mama mmoja mwenye miwani, mkuu wa waamuzi, aliizunguka mara mbili. Aliinama, akafuata mabawa kwa kidole.

"Kazi nzuri sana. Lakini bawa la kulia ni nene kuliko la kushoto. Kwa nini?"

Winny alimtazama Emong, naye Emong alikitazama kiatu chake. Jibu la kusingizia lilikuwa rahisi. Wangesema karatasi ilizidi, na nani angejua? Fazila akasogea mbele.

"Madam, la kwanza niliharibu mimi. Nilipuliza rangi ambayo hatukuijaribu, bila ruhusa, povu likayeyuka. Halafu nikaacha mwenzangu alaumiwe. Hili tulilitengeneza jana kwa siku moja."

Mwamuzi aliinua miwani, akamwangalia. "Ukirudia, utafanyaje?"

"Nitajaribu kwanza kwa kipande kidogo. Na nitauliza."

Mwamuzi aliandika, aliandika, akaenda. Walipata nafasi ya pili. Waliowashinda walitengeneza pampu ya maji, na bila ubishi walistahili.

Mama Adeke alikuwa amekuja, siku hiyo bila aproni. Aliwakusanya wote watatu.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Mimi nachoma mahindi kila siku. Hindi likiungua upande mmoja, naweza kumgeuzia mteja upande mzuri, ataondoka nalo. Lakini atalila mpaka aufikie ule upande, na kwangu hatarudi. Nikimwambia mapema, 'Boss, hili limeungua hapa,' huwa ananunua, na kesho anakuja tena. Kukosea, kila mtu anakosea. Fazila, kosa lako lilikuwa kubwa siku ulipolificha. Tangu ulipolisema, limekuwa likipungua."

"Na mwalimu wao amesikia pia," Mwalimu Ignatius alisema kwa unyenyekevu.

Ulipofika wakati wa kurudi Malaba, Emong aliinyanyua ndege mezani. Alisita kidogo, kisha akaiweka mikononi mwa Fazila.

"Beba wewe," alisema. "Polepole."

Fazila aliibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani kwa kina Emong, na hakuharakisha hatua hata moja.