Mnunuzi wa Medali ya Baba

Seremala alikuwa anatoka kununua gundi, giza likianza kuingia, simu ilipotetemeka mfukoni. Dau la medali lilikuwa limepanda tena.

Alisimama katikati ya njia akatazama. Medali yenyewe ilikuwa ya shaba, utepe umepauka, marehemu baba yake aliipata jeshini. Aliiweka kwenye mnada wa mtandaoni akitarajia, mambo yakienda vizuri, nusu ya bei ya randa ya umeme. Sasa ilitosha randa tatu.

"Wanunuzi wengine wote wameshajitoa," alinong'ona fundi simu wa kibanda cha jirani, aliyemsaidia kuitangaza, akija kuchungulia simu begani kwake. "Huyu mmoja anajipandishia dau mwenyewe. Hana picha, hana jina. Ama ana wazimu, kaka, ama ana sababu."

Seremala alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Fundi simu hakujua medali ilikotoka. Mama ndiye aliyemvalisha mumewe koti la kijivu, akaibandika medali kifuani kwa mkono wake, akasema aende nayo. Kisha akamwachia mwanawe kazi ya kufunga jeneza, maana ndiye aliyelitengeneza. Akabaki peke yake na baba, bisibisi mkononi, akaichomoa medali. Kila akikumbuka, uso ulimwaka kwa aibu. Wala hakuwa na shida yoyote. Ilikuwa tamaa tu.

Ujumbe ukaingia. Mnada umefungwa. Mnunuzi atafuata mzigo mwenyewe.

Alirudi karakana mbiombio. Mlango alioufunga ulikuwa wazi. Taa ilikataa kuwaka. Harufu ya mbao, ya vanishi... na chini yake, udongo mbichi.

Krr... krr...

Kitu kilikuwa kinakwaruza ubao.

"Nani?"

Kisha sauti ndogo, kavu, kutoka nyuma ya meza ya kazi.

"Nibandike."

Mtu alisimama pale, dirisha likiwa mgongoni, uso hauonekani. Mwanga kidogo wa simu ulimfika kifuani. Koti la kijivu. Matundu mawili ya pini. Na kifungo kilichoshonewa uzi mweupe, kwa sababu wa kijivu ulimwishia Mama.

Seremala alifungua droo. Akaitoa medali, akaibandika kwenye matundu yale; pini ikamchoma kidole. Chini ya koti hapakuwa na joto, wala pumzi.

"Baba... nisamehe."

Mkono wa baridi uliweka kitu mezani, ukakisogeza taratibu mbele yake.

Taa ikawaka.

Hapakuwa na mtu. Mezani palikuwa na penseli yake ya useremala, ile bapa, yenye alama aliyoichonga kwa kisu. Aliinunua asubuhi ya mazishi, jioni akaitafuta asiione. Sasa alikumbuka. Alipoinama juu ya jeneza, ilikuwa sikioni.

Ilipotea ikiwa mpya. Sasa ilikuwa imebaki kipande kifupi, imelika kwa kutumika.

Asubuhi Mama alimkuta bado amekaa pale pale. Fedha zote zilikuwa zimeingia kwenye simu.

"Nimemwota baba yako," alisema Mama, akiketi polepole kwenye kigoda. "Amevaa medali yake, amependeza. Ila ananiambia kuna maneno ameandika kwenye kifuniko cha jeneza, kwa ndani. Anasema nikuulize wewe."

Seremala aliifumbata penseli kiganjani.

"Ameandika nini, mwanangu?"

Hakuweza kuinua uso.