Tovuti Iliyohamia Nyumba Mpya

Patroba na mkewe Risper, wazazi wa Protus, walikuwa na ofisi ndogo ya kompyuta mjini Kakamega. Patroba alikuwa fundi wa bidii, ila hakupenda kusaidiwa. Kompyuta mbili za kwanza aliziandikia namba za tovuti kwa mkono wake, ili tovuti zifunguke upesi. Ya tatu, ya Risper, ilikuwa mpya.

Asubuhi moja mwaka wa 1999, Mama Navalayo aliingia. Aliongoza kikundi cha wakulima wa mahindi huko Matete.

"Baba Protus, nifungulie tovuti ya yule mnunuzi wa mahindi. Leo ndiyo mwisho wa kuandikisha vikundi."

Patroba akafungua. Uso ukamshuka.

"Pole, mama. Wamefunga."

Mama Navalayo alivunjika moyo. Maghala yalikuwa yamejaa, na fukusi, wadudu wanaotoboa nafaka, hawangoji mnunuzi. Akachukua mkoba wake aondoke.

"Ngoja, mama," Risper akasema. "Hii yangu inasema wako wazi mpaka jioni."

"Ofisi moja, majibu mawili? Sasa niamini nani?"

Patroba aliona haya. Akaenda kumwita jirani yao Winrose, mwalimu wa kompyuta.

"Tovuti ina jina," Winrose alieleza, "lakini kompyuta huifikia kwa namba. Namba ndiyo nyumba yake. Hawa wamehama. Kompyuta yako bado inapiganga hodi kule nyumba ya zamani, inasoma tangazo la mwaka jana."

"Na ya Mama Protus?"

"Hiyo hujaiandikia kitu. Inauliza kampuni ya intaneti, inapewa namba ya leo. Mama, jiandikishe hapo."

Mama Navalayo akasogeza kiti haraka.

"Basi niandike namba mpya kila mahali?" Patroba akauliza.

"Na wakihama tena? Futa zote. Tuchague kompyuta moja. Zingine ziiulize hiyo, nayo iulize kampuni. Itakumbuka jibu kwa muda mfupi, kisha itauliza upya. Kuuliza si ujinga, Baba Protus."

Risper akacheka. Patroba alisita, maana kufuta kazi yako kunauma. Kisha akafuta.

Kikundi kilikubaliwa. Lori likafika Matete, mahindi yakapakiwa.

Miezi ikapita. Siku moja Winrose alipita ofisini.

"Mliona mnunuzi amehama tena?"

"Lini?"

"Wiki jana."

Patroba akazitazama kompyuta zake. Wiki nzima wakulima walikuwa wakiingia na kutoka, na hakuna aliyeambiwa pole.