Mafuta ya Mtoto wa Somoe

Kila Ijumaa alasiri, baba yake akisharudi kutoka zahanati alikokuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, Mwanamkasi alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu: kuosha pikipiki. Aliikokota ndoo hadi barazani, akakunja kanga yake magotini, akaisugua pikipiki kuanzia taa ya mbele hadi kigari cha pembeni, ambamo baba yake, Bwanausi, alipakia sanduku la dawa alipokwenda kutibu watu Kaole. Bibi yake alikuwa akisema kwamba lau mtoto huyu angesugua masufuria kwa bidii hiyo, watu wangejitazama humo kama kwenye kioo.

Mwanamkasi alikuwa na miaka kumi na miwili, na likizo ile ya mwaka 1953 alikuwa na sababu ya kusugua mara mbili. Mjomba wake Mwinyimvua alikuwa amekubali kuongoza msafara wa pikipiki nne hadi milima ya Usambara. Wakati wa vita Mwinyimvua alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki katika milima ya Uhabeshi, na Bagamoyo nzima hakukuwa na mtu aliyeyajua mapito ya milimani kuliko yeye. Wenzake watatu, watu wa pwani wasiojua kilima kirefu kuliko kichuguu, walikuwa wamemsumbua miaka miwili awapeleke wakayaone.

Mwanamkasi angesafiri ndani ya kigari cha pembeni. Shangazi yake Somoe alikuwa ameolewa huko, ng'ambo ya mlima Magamba, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Bibi alikuwa amekamua chupa nzima ya mafuta ya nazi ya kumkandia mtoto, akaifunga kwa kitambaa na kumkabidhi mjukuu wake.

Siku tatu kabla ya safari, Mwinyimvua aliwakusanya wote uani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sauti yake haikupanda hata alipokasirika. Aliwaeleza kwamba mlimani hakuna kumpita kiongozi, na kwamba kwenye kila kona mtu husimama mpaka amwone mwenzake wa nyuma, ndipo aendelee. Kisha akasema jambo ambalo Mwanamkasi hakulisahau: ambaye chombo chake hakikutunzwa, atageuzwa njiani arudi nyumbani, awe nani awe nani.

Baada ya hapo alimwita Mwanamkasi mbele ya wote, akamkabidhi kikopo chenye mdomo mrefu mwembamba. Kilikuwa na mafuta mepesi ya mashine. Kazi yake ingekuwa kutia mafuta minyororo ya pikipiki zote nne, pamoja na nyaya za breki na za moto, yaani za kuongeza na kupunguza mwendo, zinazopita ndani ya ala zake. Mwanamkasi alikipokea kwa mikono miwili na hakulala vizuri usiku ule kwa furaha.

Laiti furaha ingekaa mahali pake. Kesho yake mchana rafiki yake Mina alikuja kumtazama, na Mwanamkasi akaona hakuna ubaya kumwonyesha jinsi wanavyopinda kona za milimani. Alipanda juu ya kinu kilicholazwa, kikopo mkononi, akainama kushoto, akainama kulia. Alipoinama kushoto mara ya pili, kinu kilibingirika. Yeye alianguka bila kuumia, lakini kifuniko kilichomoka na mafuta yote yakanywewa na mchanga.

Mina alisema twende tukamwambie mjomba wako. Mwanamkasi alitikisa kichwa. Maneno yale ya kugeuzwa njiani yalikuwa bado yanamlia masikioni, na yeye hata njiani hajafika. Baada ya Mina kwenda zake, aliifungua chupa ya bibi. Katika jua lile la mchana mafuta ya nazi yalikuwa maangavu kama maji, sawa kabisa na yale yaliyomwagika. Akajaza kikopo, chupa ikabaki nusu. Harufu, alijiambia, itafunikwa na petroli.

Jioni ile alizitia mafuta pikipiki zote nne. Kibwana, seremala mpole ambaye pikipiki yake ilikuwa kuukuu kuliko zote, alimwomba amwongezee. "Yangu ni bibi kizee, mwanangu," alisema. "Mpe mara mbili."

Mwanamkasi akampa mara mbili.

Siku ya safari waliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mwinyimvua alitangulia, akafuata Majaliwa mwuza nazi, kisha Bwanausi na binti yake, na Kibwana akafunga mkia. Kufika Msata walikuwa wekundu kwa vumbi. Waliuvuka mto Wami, wakachepuka Miono kwa jamaa za Majaliwa kunywa uji, na huko Majaliwa alilalamika kwamba tangu asubuhi alikuwa anasikia harufu ya mbata kila anaposimama. Wenzake walimwambia mtu aliyezaliwa katika nazi atazikwa na harufu yake. Mwanamkasi aliinamia bakuli lake na kunywa uji wa moto bila kuupuliza.

Hata hivyo safari ilikuwa njema. Breki zilishika, moto ulipanda na kushuka bila kukwama, na walipolala Korogwe Mwinyimvua mwenyewe alimsifu mtiaji mafuta. Sifa ile ilimfurahisha na kumwasha kwa pamoja. Alijiambia kwamba labda mafuta ni mafuta tu.

Siku ya pili waliiacha njia kuu hapo Mombo wakaanza kupanda. Mwanamkasi hakuwahi kuona kitu kama kile. Njia ilijikunja na kujirudia yenyewe, mara mlima uko kulia, mara uko kushoto, na chini kabisa miti ikawa midogo kama mboga kwenye tuta. Kwenye kila kona kiongozi alisimama na kuinua mkono, na aliye nyuma yake akasimama kwenye kona yake, hivyo hivyo mpaka Kibwana. Walipofika Lushoto jioni, watu wa pwani walikuwa wanatetemeka. Majaliwa alivaa kanzu mbili chini ya koti, na Bwanausi alijifunga kichwani kanga ya mkewe bila haya yoyote.

Asubuhi ya tatu Mwanamkasi aliamka mapema kufanya kazi yake. Alikiinamisha kikopo juu ya mnyororo wa mjomba. Hakikutoka kitu. Alikitikisa, akakifungua, akachungulia. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kilichoganda kama mafuta ya kondoo.

Hapo ndipo alipokumbuka. Asubuhi za kipupwe nyumbani, bibi huiweka chupa juani kwanza ndipo ajipake. Alikuwa ameliona jambo hilo kila mwaka tangu azaliwe, ila hakulifikiria hata mara moja. Kama mafuta yameganda ndani ya kikopo, basi yameganda ndani ya kila ala, kwenye kila breki, katika pikipiki zote nne.

Wanaume walipotoka walibonyeza breki zao wakaona ngumu. Majaliwa alisema hata vidole vyake ni vigumu, sembuse chuma. Walicheka, wakanywa chai, wakangoja jua. Lilipowaka, breki zililainika, na Mwinyimvua akasema twende. Mwanamkasi alikuwa amekwisha fungua mdomo, lakini aliona jua lile akaufunga tena. Alimwomba Mungu kusiwe na wingu siku nzima.

Wingu lilikuwepo, tena wao ndio walioliingia. Karibu na mapito ya Magamba ukungu uliwafunika, na baridi ikapenya hadi mifupani. Baba yake alisimama kwenye kona, akageuka kumngoja Kibwana. Walingoja. Kibwana hakutokea.

Bwanausi alipiga honi mara tatu, kama walivyoagizwa, na wa mbele wakarudi. Walimkuta Kibwana ameketi kwenye majani, kofia imemwangukia usoni, na pikipiki yake imechomeka pua katika ukingo wa udongo. Hakuumia ila mchubuko wa kiwiko. Alieleza kwamba alirudisha mkono kupunguza moto, moto ukakataa kupungua, na alipobonyeza breki ilikuwa ngumu kama ukuta. Alishukuru kwamba upande ule ulikuwa wa ukingo, maana upande wa pili hakukuwa na kitu ila ukungu.

Mwinyimvua aliikagua pikipiki. Kisha akasema, kwa sauti ile ile isiyopanda, kwamba masharti yalikuwa yanajulikana. Chombo hiki ni kikuukuu na mwenyewe hakukitunza. Mbele yao kulikuwa na mteremko wa maili tatu, na yeye hatamshusha mtu humo kwa chombo kisichosimama. Kibwana atakikokota mpaka Lushoto, atafute lori la kumrudisha.

Kibwana hakubisha. Alijipangusa udongo, akasema, "Haidhuru, Mwinyimvua. Mimi nimeridhika. Mapito nimeyaona." Alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limepinda, na Mwanamkasi alijua kwamba seremala yule alikuwa ameingoja siku hii miaka miwili.

Akatoka katika kigari. Alikuwa amekishika kikopo mkononi.

"Mjomba, kosa si la Ami Kibwana," alisema. "Ni langu. Kikoponi hamna mafuta yako. Mna mafuta ya nazi."

Mwinyimvua alikichukua kikopo, akakifungua, akakipindua juu chini. Hakikudondoka kitu. Majaliwa alisema polepole kwamba yeye alisikia harufu ya mbata tangu juzi wakamfanya mwehu, lakini hakuna aliyecheka.

"Tangu lini?" Mwinyimvua aliuliza.

"Tangu Bagamoyo. Yako niliyamwaga nikicheza. Niliogopa utaniacha."

"Na kwamba yameganda, umejua lini?"

Swali hili ndilo lililokuwa zito. Mwanamkasi alimtazama baba yake, naye baba yake hakumsaidia. "Leo asubuhi, kabla hatujaondoka," alisema, na machozi yakamshuka. "Nigeuze mimi, Mjomba. Ami Kibwana mwache aende."

Mwinyimvua alikwenda kwenye pikipiki yake mwenyewe, akabonyeza breki. Ilishuka kwa shida, na alipoiachia ilibaki pale pale. Akaiangalia njia iliyokuwa inatumbukia katika ukungu, akaketi juu ya jiwe. 

Aliponyanyuka alikwenda moja kwa moja kwa Kibwana, akamshika mkono, akamwomba radhi mbele ya wote. Kibwana alisema hakuna neno, na kwamba bibi kizee wake angalau amefika mlimani akiwa amepakwa mafuta vizuri kuliko bibi harusi. Hapo ndipo kicheko kilipowatoka, na baridi ikapungua.

Waliwasha moto wakachemsha maji katika birika la chai. Mwinyimvua aliamua kwamba hakuna wa kurudishwa, lakini kazi itafanywa na aliyeiharibu. Mwanamkasi alizimwagia nyaya zote maji ya moto mpaka nazi ikatiririka, akazisafisha kwa mafuta ya taa, kisha akatia oili ya injini ambayo mjomba aliizimua ili iwe nyepesi. Saa mbili nzima alifanya kazi ile, pua ikimchuruzika na vidole vimekufa ganzi. Kila waya alioumaliza, Kibwana aliubonyeza na kusema, "Huu umepona, dresa."

Kazi ilipokwisha, Mwinyimvua alimketisha karibu na moto, akampa kikombe cha chai.

"Kumwaga mafuta ni ajali," alimwambia. "Ungeniambia siku ile, ningekununia mpaka magharibi, kisha ningekwenda kwa mshona nguo kuomba mengine ya cherehani. Uliponyamaza ndipo ulipotupatia sisi wanne breki tusizozijua. Na leo asubuhi ulipojua ukanyamaza tena, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Makosa yakisemwa mapema, mwanangu, hutengenezwa uani kwa kicheko. Yakifichwa, huja kutengenezwa mlimani, na pengine mtu ameshapotea. Lakini leo umesema wakati kusema kulikuwa kugumu zaidi. Na mimi ninalo langu. Niliweka masharti makali hata mtoto akaogopa kunikaribia, tena sikufungua kikopo kutazama. Kuanzia leo kiongozi atatazama, na wewe utasema."

"Nitasema, Mjomba."

Waliteremka taratibu, kona kwa kona, na breki zikashika barabara. Ukungu ulifunguka, na bonde lote likaonekana kijani mpaka mwisho wa macho. Majaliwa aliimba njia nzima, ingawa hakuna aliyemwomba.

Shangazi Somoe aliwapokea mlangoni, mtoto amemfunga kifuani kwa blanketi. Mwanamkasi alimwamkia, akaitoa chupa ya bibi katika kitambaa. Kabla shangazi hajaitazama, Mwanamkasi alikuwa amekwisha anza kueleza.

"Shangazi, chupa hii ilikuwa imejaa. Nusu niliichukua mimi bila ruhusa, nikazitia pikipiki. Nikirudi nitamwambia Bibi, na nitakuna nazi mwenyewe."

Somoe aliitazama chupa, akawatazama wanaume wanne waliopauka kwa vumbi, wakinukia mbata mbele ya mlango wake. Akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Basi mwanangu amepata ndugu wanne wa chuma," alisema, "wamepakwa mafuta yake kabla yake mwenyewe. Njoo umbebe, Mwanamkasi. Lakini nawa kwanza hayo mafuta ya taa."